Elektroni Haina Likelemba

Kuna somo nililolifundisha miaka mingi hapa Bunia kabla sijajiuliza kama ninaliamini. Si kwamba nililitilia shaka; hata shaka inataka mtu awe amelikaribia jambo. Ni somo la mwanga unaotoa elektroni katika metali. Lilikuwa kwenye daftari langu la uanafunzi, nikalihamishia kwenye daftari la ualimu, kutoka hapo likaenda ubaoni, na kutoka ubaoni likaingia kwenye madaftari ya watoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ambao nao waliliandika tena siku ya mtihani wa Serikali bila kukosea hata nukta. Maneno yalisafiri salama. Lakini katika safari hiyo yote hakuna mtu hata mmoja, mimi wala wao, aliyekuwa ameona chochote kikitoka popote kwa sababu ya mwanga.

Vifaa vya jaribio lenyewe si vya kitajiri. Mwaka 1887 Heinrich Hertz, kule Karlsruhe, alikuwa akitafuta mawimbi ya redio. Ili aone vizuri cheche ndogo aliyokuwa akiichunguza, aliifunika gizani, na cheche ikazidi kufifia. Akaweka kioo kati ya cheche hiyo na ile kubwa iliyokuwa ikitoa mawimbi, hali ikawa ileile; akaweka jiwe la kwatzi, cheche ikarudi. Kumbe mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho na usiopenya kioo cha kawaida, ulikuwa unaisaidia cheche kuruka. Hertz akaandika alichokiona, akaendelea na mawimbi yake. Mwaka uliofuata Wilhelm Hallwachs akachukua bamba la zinki lililosuguliwa hadi likang'aa, akaliunganisha na kifaa chenye vijikaratasi vyembamba vya dhahabu vinavyoachana vikipata chaji, akalipa bamba chaji hasi, akalimulika. Vijikaratasi vikalala. Chaji imekwenda zake.

Hadithi hizi nilizijua na nilizisimulia vizuri, nadhani. Labda hilo ndilo lililonichelewesha, maana hadithi ikiwa tamu mwalimu hahisi kwamba kitu chenyewe hakipo. Mlango mmoja wa shule niliyofundisha ulikuwa umeandikwa maabara, na ndani yake mlikuwa na madawati yaliyovunjika miguu.

Niseme kwa ufupi kile ambacho daftari lilisema, kwa sababu yote yanayofuata yanasimama juu yake. Mwaka 1902 Philipp Lenard alipima elektroni zinazotoka kwenye metali iliyomulikwa, akaona jambo lisilotarajiwa. Ukiongeza mwanga, elektroni huwa nyingi zaidi, lakini kasi yao haiongezeki. Ukibadilisha aina ya mwanga, ukasogea kutoka wekundu kwenda urujuani, ndipo kasi inapobadilika. Na kila metali ina mpaka wake: mwanga ulio chini ya mpaka huo hautoi elektroni hata moja, uwe mkali kiasi gani. Mwanga kama ni wimbi tu, hili halieleweki. Wimbi dhaifu lingepaswa kuipatia elektroni nguvu kidogo kidogo, elektroni ikajilimbikizia, na baada ya muda ikatoka. Lakini haingojei. Mwaka 1928 Ernest Lawrence na Jesse Beams walipotafuta huo muda wa kungoja, waliona kwamba kama upo, ni chini ya sehemu tatu za bilioni moja za sekunde.

Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1905 na kijana wa miaka 26 aliyekuwa mkaguzi katika ofisi ya hataza mjini Bern. Albert Einstein alisema mwanga hufika kwa vipande, na ukubwa wa kila kipande hutegemea masafa ya mwanga wenyewe. Kipande kimoja hukutana na elektroni moja. Kikitosha kulipa gharama ya kutoka, elektroni inatoka na chenji yake, ambayo ndiyo kasi. Kisipotosha, hakuna kitu. Jina la fotoni lilikuja kuenea baadaye, mwaka 1926, kwa kalamu ya mkemia Gilbert Lewis.

Siku moja, katika kulieleza hili, nilisema kwamba elektroni haiwezi kupokea kipande kidogo leo ikakiweka, ikapokea kingine kesho ikakijumlisha. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mama yake aliuza ndizi sokoni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "basi elektroni haina likelemba."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Likelemba ni ule mchezo wa kuchangiana ambao Dar es Salaam wangeuita upatu na Nairobi chama: akina mama wanatoa kidogo kila juma, na kila juma mmoja wao anaondoka na chote. Faranga mia mia za ndizi zinageuka karo, au mabati, au gunia la maharage. Yule binti alikuwa amekaa darasani mwangu kwa sababu ya likelemba, na alikuwa ameuona upungufu wa elektroni kwa jicho la mtu anayejua bei ya vitu. Sijawahi kukuta kitabu kilichoieleza fizikia ile kwa maneno machache zaidi.

Maneno yake yalinipendeza kupita kiasi. Nikayachukua nikayafanya mahubiri. Kwa miaka kadhaa, darasa la mwisho likifika kwenye ukurasa ule, nilifunga daftari nikawaambia watoto kwamba na maisha yako hivyo: juhudi ndogondogo elfu moja hazimtoi mtu alipo, inayomtoa ni ile moja iliyofika kizingiti. Msiwe wekundu, nikasema, muwe urujuani. Waliandika na hilo. Mmoja wao, akiwa tayari ana watoto wake, aliniambia kwamba alilichukua kwa uzito na likamvunja moyo, kwa sababu yeye kila alichokipata alikipata kidogo kidogo, na kwa muda mrefu alidhani kwamba njia hiyo haihesabiwi. Hakunilaumu. Alinieleza tu, tukiwa tumesimama pembeni mwa Boulevard de la Libération tukingoja pikipiki zipungue tuvuke. Sikuwa na la kumjibu, na pikipiki, kwa bahati mbaya, hazikupungua upesi.

Tangu hapo nilianza kulisoma upya somo langu mwenyewe, usiku, kwa simu, umeme ukiwapo. Sikuwa nikitafuta mahubiri mapya. Nilitaka kujua kama lile la zamani lilikuwa na haki ya kusimama juu ya fizikia niliyoisimamisha chini yake. Katika kusoma huko nikakutana na mtu ambaye amekaa nami hadi leo.

Robert Millikan, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alianza kuupima mlinganyo wa Einstein akitumaini kuuangusha. Hakuwa mkaidi wa bure. Karne nzima ya majaribio ilikuwa imeonyesha kwamba mwanga ni wimbi: mwanga hupinda kwenye ukingo wa vitu, hujiongeza na kujifuta unapokutana na mwanga mwenzake. Kusema ghafla kwamba unakuja kwa vipande kulionekana utovu wa adabu. Hata Max Planck, ambaye hesabu zake za mwaka 1900 ndizo zilizoanzisha wazo la nguvu kwenda kwa vipande, alipokuwa anampendekeza Einstein kwenye Akademia ya Prussia mwaka 1913, yeye na wenzake waliona ni lazima wamwombee radhi kidogo: kijana ni hodari, ila kwenye hili la mwanga huenda amelenga kupita shabaha.

Ugumu wa kazi ya Millikan ulikuwa kwenye uso wa metali. Sodiamu na potasiamu zikiguswa na hewa hubadilika rangi papo hapo, na utando huo mwembamba unatosha kuharibu kipimo chote. Akatengeneza chombo cha kioo kilichotolewa hewa, na ndani yake akaweka kisu kidogo kinachozungushwa kwa sumaku kutoka nje, ili kila kabla ya kipimo kiikwangue metali ionekane mpya. Mwenyewe alikiita karakana ndani ya ombwe. Nimekitazama mchoro wake mara nyingi. Kuna gurudumu lenye vipande vitatu vya metali, cha sodiamu, cha potasiamu na cha lithiamu, na kila kimoja huletwa kwa zamu mbele ya kisu, kisha mbele ya mwanga. Ni kifaa cha mtu asiyetaka kumwonea hata yule anayempinga.

Kazi hiyo ilimla miaka kumi. Mwaka 1916 alichapisha matokeo: masafa ya mwanga upande mmoja, nguvu ya elektroni upande wa pili, na nukta zote zimekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, kama Einstein alivyosema. Mwinamo wa mstari huo ulimpa namba ya Planck, ile inayogeuza masafa kuwa ukubwa wa kipande, kwa tofauti ya chini ya asilimia 1 na ile tunayoitumia leo. Na katika andiko lilelile, baada ya kuonyesha kwamba mlinganyo ni sahihi, akaandika kwamba nadharia iliyouzaa haionekani kuweza kusimama. Mkono wake ulikuwa umethibitisha jambo ambalo moyo wake ulilikataa, akayaandika yote mawili.

Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921, akitajwa kwa sheria hii hasa. Millikan akapewa yake mwaka 1923, kwa kazi hii pamoja na kupima chaji ya elektroni. Halafu kuna jambo ambalo sijui nilipokeeje. Katika wasifu wake uliotoka mwaka 1950, akiwa mzee, Millikan alilisimulia jambo hili kana kwamba matokeo yake yalimwonyesha toka mwanzo kwamba mwanga ni vipande. Andiko lake la 1916 linasema vingine. Labda alisahau. Labda mtu akiishi muda mrefu na ukweli humwia vigumu kukumbuka siku ambazo hakuwa nao. Mimi namheshimu kwa ule mwaka 1916 kuliko ninavyomlaumu kwa 1950, lakini nikijipima naye najikuta kwenye hali ya kuchekesha: yeye aliona bila kuamini, mimi niliamini bila kuona, na kati yetu sisi wawili yeye ndiye aliyekuwa anafanya fizikia.

Kuona kwangu kulinikuta barabarani, kwa kambisti, yaani mbadilisha fedha. Hapa Bunia kambisti ni mtu wa kila siku, kwa kuwa dola na faranga hutembea pamoja na noti yenye kijichaniko kidogo tu hurudishwa. Huyu ninayemsema ni mama mtu mzima, ana meza ndogo, mwavuli, na tochi fupi inayotoa mwanga wa zambarau iliyokoza. Nilikuwa nimempelekea noti ya dola 20. Akaipitishia tochi, na ndani ya karatasi ukawaka uzi mwembamba wa kijani, uliosimama wima karibu na ukingo. Noti ya 100 ya mteja aliyenitangulia ilikuwa imewaka uzi wa waridi. Nimeona jambo hilo miaka yote. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikamuuliza kama hawezi kutumia tochi nyingine, ile kubwa ya kawaida iliyokuwa pembeni ya meza, ambayo ilikuwa na mwanga mara nyingi zaidi.

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, na ile ingine utaangalia mpaka kesho," akasema. "Uzi haiwake."

Ndiyo sheria ya Lenard, kwa Kiswahili cha Bunia, kutoka kwa mtu aliyeipata kwa kuangalia noti. Uzi ule una kemikali ambayo elektroni zake zinahitaji kipande kikubwa cha mwanga ili zipande ngazi. Zikishuka hutoa kipande kidogo zaidi, cha kijani au cha waridi, na kinachobaki kinageuka joto. Kwa elektronivolti, kipimo cha nguvu ndogo kama hizi, fotoni ya tochi ya zambarau ina kama 3. Ya mwanga mwekundu haifiki 2. Tochi kubwa ilikuwa inamwaga vipande vingi kupita hesabu, lakini vilivyofika ukubwa unaotakiwa havikuwemo, au vilikuwa vichache mno.

Nilimwomba aniazime tochi yake jioni, baada ya kufunga, nikamwachia simu yangu iwe rehani. Kwa fundi wa simu nikapata kijitaa kimoja cha LED cha buluu kilichotolewa kwenye mdoli, na mita yake ya kupimia volti. Kijitaa cha LED hakijui kwamba kazi yake ni kutoa mwanga tu. Ukikimulika, nacho hutoa umeme kidogo, mradi mwanga uwe na vipande vinavyotosha. Tuliunganisha nyaya mbili juu ya meza ya fundi, kati ya simu zilizofunguliwa matumbo. Tukaanza na ile kalamu ya leza nyekundu ya kuchezea watoto, yenye nukta kali ambayo huwezi kuitazama. Mita ikabaki karibu na sifuri. Tukaongeza leza ya pili. Sifuri. Fundi akaisogeza leza hadi ikagusa kijitaa, akaishikilia hapo kwa ukaidi wa mtu aliyezoea kwamba kila kitu kina sehemu yake ya kugusia. Sifuri. Kisha nikawasha tochi ya kambisti, nikiwa bado sijaielekeza vizuri, na namba zikaruka.

Fundi akasema, "Ah." Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na mvi tayari, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeliona somo langu.

Nisidanganye: kitu tulichokiona juu ya meza ile hakikuwa sawasawa na cha Hallwachs. Kwake elektroni iliondoka kabisa kwenye zinki ikaingia hewani. Kwetu ilipandishwa ngazi ndani ya fuwele ikabaki humohumo, ikasukuma mkondo kwenye waya. Paneli za jua zilizotapakaa juu ya mabati ya Bunia zinafanya kazi kwa njia hii ya pili. Kizingiti cha silikoni ni kidogo, kama elektronivolti 1.1, ndiyo maana hata mwanga mwekundu unaifaa. Jirani yangu haamini mpaka leo kwamba joto halichaji betri yake. Nimemweleza kwamba paneli ikipata moto hutoa kidogo zaidi, akanijibu kwamba mimi ni mwalimu.

Kuna kitu kingine ambacho kilikuwa mbele ya pua yangu. Sisi ni watu wa dhahabu. Kilo na Mongbwalu ziko kaskazini-magharibi yetu, na dhahabu ya Kilo ilianza kujulikana kwa Wazungu mwaka 1903, katikati ya vipimo vya Lenard na karatasi ya Einstein. Kuitoa elektroni moja kwenye dhahabu safi kunagharimu kama elektronivolti 5.1. Jua letu la karibu na ikweta, pamoja na ukali wake wote, likifika ardhini limekwisha chujwa na ozoni huko juu, na fotoni zake kubwa kabisa zinazotufikia hazizidi sana 4. Kwa hiyo punje ya dhahabu iliyoachwa juani Mongbwalu miaka na miaka haijapoteza elektroni hata moja kwa mwanga wa jua. Nilipowaambia hili wanafunzi wangu, kwa mara ya kwanza waliniuliza maswali ambayo hayakuwa ya mtihani.

Nilipofika hapo nilidhani nimerudishiwa mahubiri yangu. Nimeona kwa macho: leza mbili si bora kuliko moja, tochi ndogo imeshinda. Elektroni haina likelemba, na kambisti ni shahidi. Lakini niliendelea kusoma, na yaliyofuata yakanivuruga tena.

Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alichapisha tasnifu aliyoiandika Göttingen, ambamo alionyesha kwa hesabu kwamba elektroni inaweza kupokea fotoni mbili ndogo kwa pamoja, kama zikiifikia kwa wakati mmoja kabisa. Kwa mwanga wa kawaida jambo hilo ni adimu kiasi cha kutoonekana. Ilibidi leza ivumbuliwe kwanza. Mwaka 1961 ndipo likashuhudiwa kwenye fuwele iliyomulikwa kwa leza nyekundu, ikawaka buluu. Nyekundu ikatoa buluu. Likelemba ipo, basi, ila ni ya haraka isiyo na subira: wanachama wote wafike mlangoni kwa dakika moja, la sivyo hakuna mchezo. Yule binti wa ndizi hakukosea kwa taa za Bunia. Amekosea kidogo kwa leza ambazo mimi na yeye hatutaziona.

Na kuna jicho. Mwaka 1942 Selig Hecht, Simon Shlaer na Maurice Pirenne, huko New York, walipima ni mwanga kiasi gani mtu aliyekaa gizani anaweza kuuona. Walikuta kwamba fotoni chache tu, kati ya 5 na 14, zikinyonywa na retina kwa muda mfupi mno, zinatosha mtu kusema ameona. Hapa sheria mbili ambazo nilizigombanisha maisha yangu yote zinaishi nyumba moja. Kila fotoni peke yake lazima ifike kizingiti. Mwanga ulio chini ya wekundu, hata ukimiminwa, jicho haliuoni. Lakini hata ile iliyofika kizingiti, ikija peke yake, mara nyingi haimtoshi mtu kusema ameona. Ubongo unangoja wenzake. Unajumlisha. Kipande kimoja kinaamsha chembe moja ya retina, na mtu hasemi "naona" mpaka chembe kadhaa ziamshwe karibu pamoja.

Sijui kama jambo hili linahusu maisha. Nimejifunza kuogopa swali hilo. Ninachokijua ni kwamba watu hukusanya, kwa heri na kwa shari. Niliishi hapa miaka ya vita. Vilianzia mwaka 1999 kwenye migogoro ya ardhi kule Djugu, na Mei 2003 vilikuwa vimefika kwenye mitaa yetu, na mtu akiniambia kwamba yote yale yalitoka kwenye tukio moja kubwa lililofika kizingiti, sitakubali. Nilisikia maneno madogo kisimani, sokoni, kwenye mabenchi ya chumba cha walimu, neno moja leo na moja kesho, na kila moja lilikuwa dogo kiasi kwamba kulikemea kungeonekana kujikweza. Hayakupotea. Na baada ya vita, waliorudi kwenye nyumba zilizochomwa hawakurudi kwa hatua moja kubwa. Nakumbuka mama mmoja wa Mudzipela aliyeanza na bati tatu.

Kwa hiyo mahubiri nimeyaacha. Mtoto anayekwenda polepole simwambii tena kwamba yeye ni mwekundu. Wala sikubadilisha mahubiri yale kwa mengine ya kinyume chake, ingawa nilishawishika: ningeweza kusimama mbele ya darasa na kulisifu jicho, nikasema tazameni, hata asili inafanya likelemba. Lakini asili haikunituma. Fotoni haijui habari za karo. Ikiwa elektroni ya zinki inataka kipande kimoja kikubwa, na jicho linataka vipande kadhaa, na mama wa ndizi anataka majuma mengi, basi labda kila kitu kina namna yake ya kupokea, na kazi yangu ni kuuliza kila mara niko mbele ya kipi. Hata hili nalisema kwa sauti ya chini. Millikan alikuwa na mstari ulionyooka mbele yake na bado hakuwa na uhakika unamwambia nini.

Kwa mwalimu mwenzangu atakayefika kwenye ukurasa huu: usianze na mlinganyo. Tafuta kijitaa cha buluu kwa mafundi wa simu, leza nyekundu ya sokoni, tochi ya kukagulia noti, na mita yoyote inayopima volti, na uwazuie watoto wasitazame ndani ya leza. Chagua kijitaa chenye kioo kisicho na rangi, kinachotoa buluu yenyewe kikiwashwa. Vile vyeupe vina unga wa manjano ndani unaoubadilisha mwanga kabla haujafika kwenye fuwele, navyo huvuruga kipimo.